Abiria Hana Tiketi

Mwaka 2011, mtaa wa Ng'ambo, Tabora, tulimzika gadi mstaafu wa treni, Mnyamwezi aliyekufa na uzee wake. Watu wengi waliokuwepo wanaukumbuka msiba ule kwa Mzaramo mmoja, fundi wa mabehewa kutoka Kisarawe, aliyeletwa Tabora kikazi akiwa kijana akazeekea hukohuko.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, wana kibali cha kutaniana hata msibani. Wazee huurudisha utani huo kwenye misafara ya karne ya 19, mapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakilala na kula katika nchi za watu njia nzima. Ndiyo maana Mnyamwezi ana watani kwa Wagogo pia, ambao misafara ilipita nchini kwao.

Fundi huyo alipofika asubuhi hakuchekesha mtu. Alitoa pole, akaandikisha rambirambi kwenye daftari, akakaa mkekani na kuuliza maswali madogomadogo: mzee aliugua muda gani, watoto wote wamefika, nani msemaji wa familia. Ukimtazama juujuu ungedhani anapiga soga. Kumbe anapima. Angekuwa amekufa mtoto, au mtu wa ajali, asingegusa utani kabla ya maziko, pengine asingegusa kabisa. Kifo cha mzee aliyeona wajukuu hubeba maneno mengi.

Jeneza lilipotolewa kwenda kuswaliwa, tukamkuta amesimama katikati ya njia. Mkononi ana kitambaa chekundu kwenye kijiti, mdomoni filimbi. Akapuliza. Wabebaji wakasimama.

"Treni haiondoki! Abiria wenu hana tiketi."

Halafu akafanya jambo lililomaliza watu: akainamisha bega la kushoto, akatazama saa, akatazama tena saa ileile, kama marehemu alivyokuwa akifanya stesheni kabla ya kuruhusu treni. Waliowahi kufanya naye kazi reli walilia na kucheka kwa pamoja. Kikohozi cha miezi ya mwisho, ambacho kila mtu alikuwa amekisikia, hakukigusa. Mtani huiga kazi ya mtu, mwendo wake na maringo yake. Ugonjwa wake huachwa.

"Miaka yote mmebeba mizigo ya watu, leo na nyinyi mnabebwa! Mzee huyu alinikopa minazi miwili na bahari kidogo. Nani ananilipa?"

Mdogo wake marehemu akajibu palepale, "Bahari ilikauka njiani, Mzaramo. Kadai kwa Wagogo." Jibu hilo lilikuwa la lazima. Mtani asiyejibiwa hubaki ametukana tu, na msiba huharibika.

Akapewa shilingi elfu mbili. Akaiinua juu watu waione. "Hii nauli inaishia Urambo, na huyu anakwenda mbali!" Ikaongezwa elfu moja. Kitambaa cha kijani kikatoka mfukoni, filimbi ikalia, njia ikafunguka. Shughuli yote haikufika dakika tatu. Jeneza halicheleweshwi, na shehe alikuwa ameshakohoa mara moja. Mzaramo alimsikia kabla yetu.

Makaburini, baada ya udongo na dua, msemaji wa familia akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu aonane na familia. Kijana mmoja, jirani, akiwa bado na moto wa filimbi, akapaza sauti: "Na ile elfu hamsini yangu je?" Kimya. Watu wakatazama viatu vyao. Mwenyewe alicheka peke yake, akaacha.

Kwanza, hakuwa mtani. Ujirani hautoi kibali hicho. Pili, deni lake liliwezekana. Elfu hamsini ni fedha ambayo mtu anaweza kweli kukopa, na deni la maiti ni jambo zito kwa familia ya Kiislamu, hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Bahari hakuna anayeweza kukopa, kwa hiyo hakuna mtoto wa marehemu aliyelala akiiwaza. Tatu, tangazo lilikuwa limetolewa muda huohuo. Mzaramo alidai kabla yake, njiani. Pale kaburini alikaa kimya kama sisi wote. Ningeambiwa nichague kosa kubwa kati ya hayo matatu, ningechagua la pili.

Siku ya hitma Mzaramo aliteka mwiko wa pilau. Wapishi wakamkomboa kwa soda na sahani ya kwanza. Nyama akairudisha sufuriani kipande kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti kama mtu anayekagua magurudumu. Zile elfu tatu za njiani zilikuwa zimeshanunua sukari ya chai ya wafiwa tangu jana yake. Fedha ya utani haikai mfukoni kwa mtani, ikikaa watu husema.

Mjane, Mzaramo hakumsemesha utani hata neno moja. Eda ni miezi minne na siku kumi, na aliihesabu. Ilipokwisha akapiga hodi, amevaa kofia, kanzu imepigwa pasi.

"Shemeji, nimekuja kurithi. Nipe filimbi ya marehemu."

"Umechelewa, shemeji," mama akamjibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. "Mgogo kaichukua juzi, na nauli yako ya Urambo ameniachia deni."