Siku Tatu Amani

Barua ya mwaliko ilinifikia Mei 2017, nikaisoma kama wengi wetu tunavyosoma barua za semina: kutoka chini kwenda juu, nikitafuta posho. Haikuwepo. Waandaaji wangetulaza, wangetulisha na kuturudishia nauli kwa tiketi, basi. Huko juu ndipo ilipoelezwa kwamba ni kambi ya siku tatu huko Amani, kwenye milima ya Usambara, kwa watafiti chipukizi, ya kutafakari safari zetu za kitaaluma. Waliiita ritriti. Nilipompigia mama kumuaga alisikia mafungo.

"Mafungo ya kanisa gani hilo tena, mwanangu?"

"Si ya kanisa, mama. Ya kazi."

"Mnafunga kwa ajili ya kazi?"

Nilicheka, lakini swali lilikuwa na ukweli ndani yake. Nilikuwa na miaka 27, digrii moja, na mkataba wa tatu wa mwaka mmoja mmoja kwenye mradi wa mbu. Jioni nilitega mitego ya taa kwenye nyumba za watu, alfajiri nikaikusanya, mchana nikapima usugu wa mbu kwa viuatilifu. Kipimo chenyewe si cha ajabu. Unaweka mbu jike 25 kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa, unawaacha saa nzima, unawahamishia kwenye mrija safi, kesho yake muda uleule unahesabu maiti. Kwa kawaida mirija ni minne, mbu 100. Wakifa 98 kwa mia au zaidi, dawa bado ina nguvu; wakiwa chini ya 90, usugu umethibitika. Wangu walikuwa wakiangukia mgongo, wanatapatapa, kisha asubuhi nawakuta wamesimama ukutani kana kwamba walilala tu.

Wiki moja kabla ya safari nilikuta kwenye printa ya ofisi rasimu ya makala yetu. Waandishi saba. Jina langu halikuwemo. Mwishoni, kwenye shukrani, palikuwa na mstari: tunawashukuru mafundi wa maabara. Nikapiga picha kurasa zote kwa simu, nikazirudisha zilivyokuwa, nikaenda kulisha viluwiluwi.

Tulikusanyika Muheza, watu kumi na wanane. Masika ilikuwa haijaisha. Kufika Sigi, kwenye nyumba ya zamani ya stesheni ya reli ya Wajerumani, dereva alishuka akaitazama barabara kwa muda ambao haukunipa raha. Baada ya hapo ni kona juu ya kona, msitu pande zote, udongo mwekundu unaoteleza kama ute wa bamia. Tulisukuma gari mara mbili. Mara ya pili kaka mmoja kutoka Mwanza, mtafiti wa kichocho, alianguka kifudifudi matopeni, akainuka akasema, "Hatua ya kwanza ya maendeleo yangu kitaaluma." Ndiyo ikawa urafiki wetu.

Amani ni mahali pa ajabu pa kumpeleka mtu ili awaze kesho yake. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea hapo mwaka 1902, wakapanda miti ya kila bara. Mkwinini upo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, majeshi ya jemadari wa Kijerumani Lettow-Vorbeck yalipata kwinini ya kutibu malaria kutoka magome ya huku milimani, dawa ya maji chungu kiasi kwamba askari waliipa jina la pombe ya jemadari wao. Waingereza nao wakaja, na baadaye ikawa taasisi ya malaria. Miaka ya 1950 wataalamu wa hapa ndio waliosimamia upuliziaji wa dieldrin, dawa ya kuua wadudu, kwenye kuta za nyumba kule Pare na Taveta. Sisi tulikuta sehemu kubwa ya shughuli imekwisha kuteremkia Muheza, na majengo yamebaki na ukungu wake. Kwa mtu wa mbu kama mimi ilikuwa kama kuonyeshwa nyumba ya babu ambaye hukuwahi kuambiwa ni babu yako.

Siku ya kwanza sina mengi ya kusema juu yake. Walibandika bango kitita, wakaandika 2022 kwa makapeni nyekundu, wakatuambia tueleze tutakuwa wapi baada ya miaka mitano. Mkataba wangu ulikuwa unaisha tarehe 30 Septemba mwaka uleule. Niliandika "Septemba" nikakwama hapo hadi chai ya saa nne. Zoezi hili silipendi hadi leo. Naamini lilitungwa na mtu mwenye ajira ya kudumu.

Usiku ndiyo ulikuwa na maana. Umeme ulikatika, tukakaa ukumbini na taa za chemli, na mwezeshaji mmoja, profesa, mama mtu mzima ambaye mchana kutwa tulikuwa tukimwamkia kwa kuinama, alitoa karatasi akasema atatusomea wasifu wake wa kushindwa. Wazo hilo, alisema, lilitolewa na mwanasayansi Melanie Stefan kwenye jarida la Nature mwaka 2010. Miaka sita baadaye Johannes Haushofer wa Chuo Kikuu cha Princeton, ambaye Nairobi wanamfahamu kwa kituo cha utafiti cha Busara alichokianzisha, akauweka wa kwake hadharani, ukasomwa na watu wengi kuliko tafiti zake, naye akalilalamikia hilo humohumo kwenye wasifu. Kisha mama profesa akaanza. Ufadhili ulionyimwa mwaka fulani. Tena mwaka uliofuata. Makala iliyokataliwa na majarida manne. Andiko la mradi lililorudishwa kwa sababu bajeti haikujumlisha. Usaili alioufanya akiwa na mimba ya miezi minane, akaulizwa kama kweli ana nia. Alisoma kwa sauti ileile kavu ya kusoma mahudhurio. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, hatukujua kama inafaa.

Siku ya pili asubuhi mada ilikuwa nani aitwe mwandishi. Yeye huyo mama ndiye aliyefundisha. Akaandika ubaoni vigezo vinne vya kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ile iliyokutana kwa mara ya kwanza Vancouver mwaka 1978: uwe umechangia kwa uzito katika wazo, ubunifu, ukusanyaji au uchambuzi wa data, uwe umeandika au kuhakiki andiko, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, uwe tayari kuwajibika kwa kazi hiyo. Vyote vinne, si kimoja. Nikahisi mwili umepoa. Basi bosi wangu yuko sahihi, nilijiambia, mimi nimekusanya tu.

Nadhani uso wangu ulisema kitu, maana alinitazama. "Dada wa mbu, una neno."

Nikasema, bila kutaja mtu, kama mtu hakuitwa kuandika, atatimizaje kigezo cha kuandika?

"Ndipo penye mstari watu wanaouruka," akasema, akageukia ubao. Aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika, kuhakiki na kuidhinisha. Asinyimwe hiyo nafasi kisha akaambiwa hakuandika. "Lakini sijawahi kuona nafasi inamfuata mtu kitandani. Umeiomba?"

Sikuwa nimeiomba. Hata wazo la kuiomba lilikuwa halijanipitia. Kwetu mtoto hanyooshi mkono kwenye bakuli la nyama. Anagawiwa, na akikosa ananyamaza, atakumbukwa kesho. Nilikuwa nimefanya kazi maabara miaka mitatu kwa adabu hiyo ya mezani. Kaka wa kichocho, aliyekuwa nyuma yangu, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mbona hata mdudu akichomwa sindano akawekwa kwenye droo, kikaratasi chake kinaandikwa jina la aliyemkamata?"

Mchana ule nilitunga barua pepe kwa bosi wangu. Kwa Kiingereza ilitoka kama ya mdai madeni. Nikafuta, nikaanza kwa Kiswahili, "Shikamoo Daktari, pole na majukumu," nikajikuta nimeomba radhi mara tatu kabla ya kufika kwenye jambo. Kaka akaisoma. "Unaomba radhi kwa kosa gani?" Akafuta zote tatu kwa kidole chake kimoja. Nikairudisha moja kwa siri.

Mtandao ulipatikana kwenye kona moja tu ya barabara, karibu na jiwe kubwa, ukisimama ukaelekeza simu upande wa bondeni. Tuliliita jiwe hilo posta. Saa kumi na moja jioni, huku mvua ya manyunyu ikininyeshea, nilibonyeza tuma, nikakaa pale kama mtu aliyerusha jiwe kisimani anasubiri kusikia maji.

Usiku sikulala vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa posta tena. Jibu lilikuwepo, mstari mmoja: *Sawa. Niandikie sehemu ya mbinu, nataka rasimu kesho jioni.* Wala salamu wala pole. Niliusoma mara nyingi nikitafuta hasira ndani yake, sikuipata, wala furaha sikuipata.

Siku ya tatu ilikuwa ya hotuba za dakika tatu, vyeti na picha. Mimi nilijifungia chumba cha kulia na daftari langu la maabara. Tulikuwa tumeambiwa kila mtu aje na kitu kimoja cha kazi yake. Wenzangu walileta kompyuta, mimi sikuwa na cha kuleta ila daftari hilo, lenye madoa ya sukari tunayowalisha mbu. Nilifungua zile picha za rasimu kwenye simu nikaanza kuandika: mahali, mitego, jinsi tulivyowatambua mbu, mirija, muda, joto la chumba.

Nilipofika kwenye jedwali la matokeo, kwa ajili ya kuhakikisha idadi tu, nikaona kijiji cha tatu kimeandikwa mbu 100, waliokufa 63, yaani asilimia 63. Nikafungua daftari. Siku hiyo mrija wa nne ulianguka mkononi mwangu, mfuniko ukafunguka, mbu wote wakaruka. Nilikuwa nimeandika pembeni kwa kalamu ya risasi: *mrija wa 4 umepotea, hesabu mitatu*. Mbu 75, si 100. Sitini na tatu katika sabini na tano ni asilimia 84. Usugu ulikuwepo bado, hilo halikubadilika, lakini aya nzima ya mjadala ilikuwa imejengwa juu ya kijiji hicho kuwa kibaya kuliko vyote, na hakikuwa kibaya kuliko vyote. Kulikuwa na kingine chenye 71.

Nje nilisikia wanapangwa kwa picha, warefu nyuma, mtu anapiga kelele kwamba dada wa mbu hayupo. Sikutoka. Niliandika hadi chai ikapoa na utando juu, nikamalizia na maelezo ya ule mrija, nikakimbilia posta, nikatuma.

Simu yake iliingia tulipokuwa tumeshuka Muheza, nikiwa nimeshika begi, cheti na tiketi ya basi. Kwenye cheti jina langu la ukoo lilikosewa herufi mbili.

"Huu mrija wa nne," alisema Daktari, "mbona hukuniambia?"

"Niliandika kwenye daftari, Daktari."

Akanyamaza. Nilisikia kalamu inagongwa mezani kwake, tk, tk, tk. Kondakta ananiita nipande.

"Daftari hilo unalo hapo?"

"Ninalo."

"Njoo nalo Jumatatu asubuhi. Usipitie maabara. Njoo kwangu moja kwa moja."