Ngoma naiweza, kinachoniumiza ni kusubiri zamu

Nina selimundu na nacheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya sisi Wasukuma. Watu wakisikia hayo mawili pamoja huuliza kama daktari wangu anajua. Anajua. Alichonikataza ni kuchoka hoi, kukaa na kiu na kupigwa baridi. Ngoma yenyewe hakuigusa.

Ugonjwa huu nimeurithi kwa baba na mama, ingawa wao wenyewe hawaugui. Mwili ukikaukiwa maji, seli nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yanaanza. Mimi hunishika kiunoni na kwenye miundi. Asidi ya foliki na haidroksiyurea nameza kila siku, kuwe na ngoma au kusiwe.

Sasa, mashindano yetu Usukumani ni ya baada ya mavuno. Mwezi wa sita kuna tamasha la Bulabo pale Bujora, Kisesa, pande mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu, zinapambana, na mwamuzi ni umati: ukihamia upande wa pili, mmekwisha. Kwa hiyo manju, kiongozi wa ngoma yetu, hataki mtu atawanyike. Unavaa njuga asubuhi, zamu inakuja jua likiwa limeshapinda. Wenzangu wengi hawanywi maji makusudi, kwa sababu choo kiko mbali na mavazi yale kuyavua ni kazi. Mimi nikifanya hivyo naingia uwanjani nimeshaumia. Nakunywa kidogo kidogo tangu nyumbani, na nikibanwa nakwenda na njuga zangu zikilia njia nzima. Wanaocheka na wacheke.

Kazi ilikuwa kwa manju. Nilimwambia, "Baba, mstari mzima sitaumaliza. Nikichoka nitoke." Akaguna. "Mwanangu, ukitoka wewe mstari utabaki na pengo, na watu wa kule wataliona."

Alikuwa na haki ya kuhofu. Tukalifanyia mazoezi: mimi nachezea mwisho wa mstari, na mwenzangu mwisho wa upande mwingine. Nikihisi miguu inakuwa mizito, nazungusha jembe mara moja na kuliinamisha chini badala ya kulirusha. Yeye akiona anafanya vilevile, tunatoka pamoja, kila mtu kwa upande wake, tunasimama nyuma ya ngoma na kuitikia wimbo. Watazamaji hudhani ndivyo mchezo ulivyotungwa, na sasa kweli ndivyo ulivyotungwa. Kusema ukweli, mstari unapendeza zaidi hivi kuliko zamani.

Tukimaliza sikai na jasho. Navua fulana iliyolowa palepale, navaa kavu, juu yake sweta, hata kama wengine wanajipepea. Upepo wa miezi hii jioni si wa kuchezea. Maumivu yakianza nakunywa maji, napumzika na kumeza panadoli. Yasipotulia, au nikipata homa au kifua kikibana, naenda hospitali usiku huohuo bila kusubiri kukuche.

Kimebaki kitu kimoja. Kikundi hurudi Mwanza kwa lori la wazi, na kiti cha mbele ni cha wazee, siwezi kukidai. Napanda daladala kwa nauli yangu. Mweka hazina anasema hiyo si gharama ya kikundi, mimi nasema ni gharama ya kikundi kama ngozi za ngoma zilivyo. Kikao kijacho tutaendelea nalo.