Kuongeza lifu za pikapu si kuongeza tani

Wenye pikapu za kupeleka viazi soko la Kongowea, Mombasa, sikizeni. Lifu ya ziada, yaani bapa la chuma la springi, huzuia gari kukaa chini nyuma, basi. Ekseli, chesisi na breki ni zile zile, na uzani uliowekwa na mtengenezaji haubadiliki.

Ukiongeza moja kila upande, ipangwe kwa urefu wake, chini ya ile inayoizidi. Senta bolti (inayoshika lifu pamoja katikati) na yubolti (zinazofunga springi kwenye ekseli) ziwe mpya na ndefu zaidi. Za zamani zimeshavutika, na nati ikishika meno mawili matatu tu, ekseli itahama. Kaza kwa kupishanisha pembe, kisha rudia kukaza ukishabeba mzigo. Bolti za bushi (raba za kwenye ncha za springi) zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, si juu ya jeki, la sivyo bushi hujipinda na kukatika mapema.

Mafundi wengi huruka hili: kama vali ya breki za nyuma imefungwa kwenye ekseli kwa kifimbo, irekebishwe. Gari likiinuka, vali hudhani halina mzigo na kupunguza breki za nyuma.

Tairi nazo, soma namba ya mzigo ubavuni: kwa mfano, 106 ni kilo 950 kwa tairi moja, upepo ukiwa kamili. Humo mna uzito wa gari lenyewe pia!