Majivu, chokaa na nyayo za Laetoli: tulivyojaza makumbusho Bagamoyo

Nishachoka kuambiwa watu wa Bagamoyo hawapendi historia. Wanaipenda sana, tatizo ni namna tunavyowaita.

Tulipanga mazungumzo ya jioni kwenye makumbusho moja ndogo hapa mjini, Alhamisi nne mfululizo, kuhusu vitu vya kale vilivyofukuliwa vikatikisa dunia. Jamaa mmoja mjuaji akatushauri tuandike MHADHARA kwenye bango, tukodi projekta na soda ziwepo. Tukamsikiliza. Siku ya kwanza nikaeleza kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri ya kale, Howard Carter aliyelifukua na ile ngazi ya kwanza iliyoonekana tarehe 4 Novemba 1922, wakaja watu tisa, na wawili walibeba vitabu vya dini kabisa maana huku ukisema mhadhara watu wanajua ni ule wa viwanjani! Projekta ilikula kama elfu hamsini na kitu. Iliniuma, nilijiandaa wiki mbili nzima.

Wiki ya pili bango likasema tu NJOO UONE NYAYO ZA LAETOLI, na nyayo nikaamua nizitengeneze mwenyewe. Laetoli, huko Ngorongoro, ni majivu ya volkano yaliyolowa mvua, viumbe wakapita wima kwa miguu miwili, yakaganda, miaka kama milioni 3.6 huko nyuma, mpaka timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ikazikuta nyayo zao 1978. Sasa hilo utalielewaje kwa picha ya ukutani?

Nikaomba majivu kwa mama ntilie, madebe manne. Nikayatandaza kwenye turubai uani, upepo wa bahari ukaondoka na nusu. Nikarudia, nikazidisha maji, ukawa uji, ukitoa mguu shimo linajifunga. Nikamfuata mzee mmoja fundi aliyekuwa akichoma chokaa ya matumbawe, akasema, "Mwanangu, majivu peke yake hayashiki. Tia chokaa, halafu nyunyiza kwa mkono kama unamwagilia mchicha." Chokaa iwe iliyozimwa kwa maji siku nyingi lakini, mbichi inaunguza, na miguu ioshwe hapohapo. Nikapita mimi, akapita fundi, jua la siku mbili likakausha, nikagusa kisigino changu kigumu kama sakafu, wallahi nilitaka kulia.

Alhamisi hiyo watu walisimama mpaka mlangoni. Kwanza nikavuta kamba mita 27 kuanzia ndani hadi barabarani, ndo urefu wa ile njia ya nyayo yenyewe, halafu nikawaambia wainame waangalie kidole gumba, kiko sambamba na wenzake, hakijatanuka pembeni kama cha nyani, na ndivyo zilivyo hata zile za Laetoli. Hapo sikuhitaji kueleza sana, walibishana wenyewe.

Ya tatu ilikuwa Olduvai na Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu lililopatikana 17 Julai 1959. Kina mama walifurahi kusikia Mary Leakey yuleyule ndiye aliyeliona lile fuvu, mumewe Louis yuko kambini na homa.

Ya nne tukaenda kwenye magofu ya kale ya Kaole kwa miguu, bila soda wala projekta. Bibi mmoja akapitisha kiganja kwenye ukuta wa msikiti, akachungulia katikati ya mawe ya matumbawe, akaniita, "Njoo mwanangu, si ndo chokaa yako hii?"