Nilivyoigawanya 4,294,967,297 kwa kalamu

Mtoto wa kaka yangu, aliye kidato cha tatu, alikuja kwangu Manyatta, hapa Kisumu, wakati wa likizo. Jioni moja stima ilipotea na simu zote mbili zikazima chaji. Akaniuliza, "Baba mdogo, nambari ikiwa kubwa sana, mtu hujuaje kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe?"

Nikamwambia awashe taa ya mafuta, alete daftari. Nikamwandikia nambari ninayoipenda tangu shuleni: 4,294,967,297. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1. Mnamo 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini nambari za ukoo huu, ambazo kipeo chake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, zote ni tasa, kwani tano za kwanza, 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Hii ni ya sita. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika.

Jibu nililijua kwa kusoma tu; kwa mkono wangu sikuwahi kulitafuta. Nambari isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, na cha hii ni kama 65,536; ukijaribu kila nambari tasa chini ya hapo, una 6,542 za kujaribu. Lakini Euler alituachia njia ya mkato, nami naiona tamu kuliko jibu lenyewe: kigawo tasa chochote cha nambari hii, ukikipunguza 1, lazima kigawanyike kwa 64. Tukaorodhesha 65, 129, 193 na kuendelea, tukifuta zisizo tasa. Hadi 641 zilibaki tano tu.

193 ikabakisha 109. 257 ikabakisha 2, kijana akapiga meza kwa uchungu. 449 ikabakisha 325. Kwenye 577 nilikosea kutoa, tukarudia mwanzo, tukapata 288.

Ikaja 641. Katika 4,294 inaingia mara 6, inabaki 448. Teremsha 9, unapata 4,489. Mara 7 ni 4,487, inabaki 2. Sufuri, sufuri, kisha 4, kisha 1, na hapo tukaiona 448 ileile imerudi. Ilibaki tarakimu moja ya kuteremsha. Safari ya kwanza ilikuwa 9. Sasa ni 7. 4,487 kamili. Hakuna baki. Nilihisi mwili ukisisimka, na sioni haya kulisema.

Jibu lilikuwa 6,700,417. Tukazidisha kwa 641 kuhakikisha. Kila tarakimu ikakaa mahali pake.

"Na hii 6,700,417, baba mdogo, nayo haigawanyiki tena?"

Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Zile tulizokwisha kuzijaribu hazina haja ya kurudiwa, na kwa kanuni ileile, kuanzia 641 yenyewe, zilibaki saba. Stima ilirudi wakati huo; hakuna aliyeinuka kuchaji simu. Alifungua ukurasa mpya, akagawanya kwa 641 tena. Ikabaki 44. Akaandika 769 chini yake.