Cape Town kwa kufuata upepo

Watu wa huku Kisumu wanaopata nafasi ya kwenda Cape Town mara nyingi hurudi na picha za Waterfront, eneo la maduka bandarini, na lalamiko moja: mlima wa Table Mountain ulikuwa umefungwa. Mimi niliupanda, nikavuka na kisiwani Robben, wala sikuwazidi bahati. Nilichofanya ni kukataa kupanga matembezi kwa siku. Niliyapanga kwa upepo.

Makaratasi hayana shida. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza kwenda Afrika Kusini, mradi asizidishe siku 90 kwa mwaka. Kinachosahaulika ni kile cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na usipokuwa nacho unaweza kukwamia uwanja wa ndege. Beba na adapta. Soketi zao ni za matundu matatu ya duara, makubwa, na chaja zetu haziingii.

Sasa upepo. Kiangazi cha kule ni Desemba hadi Februari, na huo ndio msimu wa wageni. Ndio pia msimu wa upepo wa kusini-mashariki, unaovuma mpaka kofia ya mtu ikahamia mtaa wa pili. Wenyeji wanauita Daktari wa Cape, kwa vile zamani iliaminika kuwa unafagia hewa chafu na magonjwa. Unapoukwea mlima unazaa wingu jeupe linalotanda juu ya kile kilele tambarare na kumwagika ukingoni. Table Mountain maana yake mlima wa meza, basi wingu nalo wakaliita kitambaa cha meza. Ukiona kitambaa kimetandikwa, usitarajie gari la kebo, lile linalopandisha watu mlimani kwa waya, litatembea.

Aliyekulia Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu, hafundishwi haya mara mbili. Mjomba wangu ni mvuvi, na hajawahi kuniahidi safari ya kesho. Atasema tu, "Tutaona asubuhi, mwanangu." Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hurudi, na riziki ya wavuvi imo humo katikati. Basi kila nilipoamka nilichungulia mlima kabla ya chai, kisha nikatazama kwenye simu kama gari la kebo linafanya kazi siku hiyo. Likifanya kazi, mengine yote yangoje. Lisipofanya, nashuka mjini.

Asubuhi anga ilipofunguka nilikuwa kwenye foleni mapema. Gari moja hubeba watu 65 na sakafu yake huzunguka polepole, kwa hiyo hakuna wa kugombania dirisha: jabali linapita karibu na pua yako, kisha bahari, kisha jabali tena. Baada ya dakika kama tano hivi uko juu ya mita 1,000. Huduma hiyo ilianza mwaka 1929, ingawa magari ya sasa ni ya 1997. Kule juu nilitarajia mawe matupu, nikakuta vichaka vya maua na pimbi wanaoota jua kwenye miamba, wanene, hawana habari na mtu. Mmoja alikuja mpaka kwenye mkoba wangu, akaunusa zipu yote kuanzia mwanzo hadi mwisho kama askari wa kaunti anayekagua mzigo wa mchuuzi, akaondoka bila kusema kosa langu.

Nilikuwa njiani kuelekea Maclear's Beacon, penye kimo cha juu kabisa, mita 1,086, honi ikalia. Maana yake upepo unapanda, kila mtu arudi kituoni. Wenzangu waliendelea kupiga picha. Mimi niligeuka palepale. Walipofika, foleni ilikuwa imejikunja mara tatu.

Tiketi ya Robben Island, kile kisiwa cha gereza, ndiyo pekee niliyoinunua kabla ya safari, kwa sababu hujaa haraka. Niliiweka katikati ya safari makusudi, bahari ikichafuka na boti zisiondoke, nibaki na siku za kubadilishia. Ziliondoka. Anayekutembeza ndani ya gereza ni mtu aliyefungwa humo kwa ajili ya siasa, na hapandishi sauti. Mandela alikaa hapo miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake. Chumba chake kina ndoo na kimeza kidogo, na ukinyoosha mikono umekimaliza. Kwenye machimbo ya chokaa, mng'ao wa mawe meupe uliwaharibu wafungwa macho. Robert Sobukwe, kiongozi mwingine wa kupinga ubaguzi wa rangi, yeye alitengwa peke yake katika nyumba, miaka sita, asichanganyike na wafungwa wengine. Kwa mtu wa Kisumu habari za kizuizini si ngeni: Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wetu wa upinzani, alichukuliwa baada ya risasi za Oktoba 1969 hapa mjini, akaachiliwa 1971. Niliporudi kwenye boti sikutaka mazungumzo.

Siku za upepo mkali ndizo zilizonipa Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu wenye nyumba za rangi kali na msikiti wa Auwal wa mwaka 1794. Babu zao wengi waliletwa utumwani kutoka Asia, wengine Madagaska na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Jumapili asubuhi huuzwa koesister, andazi la iliki na mdalasini lililochovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi. Nunua zaidi ya moja. Karibu na hapo kuna jumba la makumbusho la District Six, mtaa uliotangazwa kuwa wa Wazungu mwaka 1966 na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa. Sakafuni kuna ramani, na waliofukuzwa wameandika majina yao pale nyumba zao zilipokuwa.

Kuogelea kwenye ufuo wa Camps Bay, usijisumbue. Upepo uleule husukuma maji ya juu yaende mbali na ufuo, na ya chini, ya baridi kali, yakapanda kuchukua nafasi. Miguu yangu ilikubali hadi kifundoni. Lakini jua huzama saa mbili usiku, jambo ambalo sisi wa ikweta hatuwezi kulizoea, kwa hiyo siku moja huko inabeba shughuli za mbili.

Pengwini wa ufuo wa Boulders niliwaacha hadi siku ya mwisho, maana hao hawafungwi na upepo. Harufu yao hukufikia kabla hujawaona, na picha hazisemi hilo.