Kibuyu cha babu

Hadithi zangu za kutisha hazianzi na mizuka yenye macho mekundu. Zinaanzia kwenye tembe la babu, nyumba ya udongo yenye paa bapa, huku Ugogoni, nchi ya Wagogo, alikokuwa akiwatibu watu.

Nilikuwa na miaka tisa. Usiku mmoja aliletwa mama mmoja aliyepandwa na pepo. Babu akasema, "Mjukuu wangu, shika kibuyu, usimtazame usoni." Nikamtazama. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mzee wa kiume, ikaniita kwa jina aliloniitia bibi peke yake, na bibi tulishamzika. Kibuyu kilikuwa cha baridi kama kimetolewa kisimani. Viganja vyangu vilinuka mafuta ya nyonyo hadi asubuhi. Harufu hiyo ndiyo ninayoitafuta kila nikiandika.

Mwaka jana nilipanda Mongomi wa Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watalii huja kutazama picha. Wenyeji bado hutambika pale, wakiomba mvua na uponyaji. Nikavua viatu.

Hadithi mpya inaanzia hapo, kwenye mwamba unaojibu. Maneno ya tambiko nimeyaacha nje. Babu hakunipa ruhusa.